Hakuna Kona Iliyobaki

Simu ya Nyaruach ilikuwa na tabia ya kulia Ebei akiwa na tonge mdomoni. Siku hiyo ilimkuta amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, nyumba yake mwenyewe ameipa mgongo, sahani ya ugali na samaki iko juu ya tofali. Alitazama jina kwenye simu, akamtazama samaki, akaona heri amalizane na samaki kwanza. Simu ikakatika, ikalia tena. Nyaruach hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema.

"Fundi, imelala tena," alisema bila salamu. "Saa saba imefika, tap! Nyeusi. Hii ni kamera ama ni mzee ameshiba?"

"Mama, juzi nilipokuwa huko si ilishinda ikifanya kazi?"

"Wewe ukiwa hapa inakaa na adabu. Ukirudi Lodwar, khalas, inalala. Sasa nifanye nini? Nikujengee nyumba ndani ya duka?"

Ebei alimeza tonge pamoja na jibu lililokuwa linakuja. Alikuwa amebadilisha adapta. Alikuwa amebadilisha waya wote, kuanzia kwenye betri ya sola hadi kwenye mashine ya kurekodi, tena kwa hasara yake. Safari ya mwisho alifunga feni ndogo juu ya mashine, akieleza kwa kujiamini sana kwamba joto la Kakuma ni kitu ambacho mtengenezaji hakukiwazia. Maelezo hayo yalimpendeza hata yeye mwenyewe. Kesho yake saa saba kamera zililala, na feni pia ikalala.

"Jumamosi ni mkutano ya safu," Nyaruach aliendelea. "Mwenyekiti Mamer ameniuliza, mama, kamera za huyu fundi ni nzuri? Nitasimama, nitasema vile iko. Mimi sina shida na wewe, wewe una roho nzuri. Lakini kamera yako ni takataka."

Akakata.

Safu yenyewe ilikuwa mstari wa maduka katika soko la kambi ya Kakuma, na wenye maduka walikuwa wamekubaliana wafunge kamera wote kwa mpigo. Nyaruach, Mnuer aliyefika kutoka Sudan Kusini na watoto mgongoni na ambaye sasa aliuza unga, sukari na mafuta kwa jumla, alikubali kuwa wa kwanza kujaribu. Zake zikifaa, Ebei angepewa safu nzima. Ebei hakungoja zifae. Aliuza mbuzi wa mkewe Nawoi, kwa ruhusa iliyotolewa shingo upande, akaagiza kamera za safu yote kutoka Nairobi. Sasa maboksi yalikuwa yamejaa nyumba yao ya vyumba viwili hapo Lodwar, yamepangwa hadi karibu na mabati, na mgeni wao alilala katikati yake akiwa na nafasi ya kugeukia upande mmoja tu.

Mgeni huyo alikuwa mama yake Nawoi, aliyekuja kutoka Kalokol ili atolewe mtoto wa jicho katika hospitali ya Lodwar. Ndiyo sababu mwenye nyumba alikuwa anakula nyuma ya tangi. Mwanamume wa Kiturkana hali mbele ya mama wa mkewe. Hilo Ebei hakufundishwa na mtu, alikua nalo tu. Kwamba bibi huyo kwa sasa hakuweza kutofautisha mtu na mlango halikubadili kitu. Kila asubuhi Nawoi alikohoa kwanza kabla ya kumtoa mama yake nje, na Ebei, ambaye aliwahi kupanda minara ya wakandarasi wa mafuta kule Lokichar bila mkanda na bila hofu, alitimua mbio na kikombe chake cha chai.

Nawoi alitokea pembeni mwa tangi, mikono kiunoni.

"Ni yule mama?"

"Ni yeye."

"Anasemaje?"

"Anasema asante."

"Baba Esekon, nimekuuliza anasemaje."

Ebei akamwambia. Nawoi alichukua sahani, akatazama mifupa ya samaki iliyosafishwa vizuri, kisha akatazama upande ule ambao zamani kulikuwa na zizi. Ebei aliona heri angetukanwa.

*

Alhamisi alipanda gari la alfajiri kwenda Kakuma bila kumwarifu mtu. Aliwaza kwamba kama kamera zina adabu fundi akitarajiwa, basi atazifumania.

Duka la Nyaruach lilikuwa refu, la mabati, magunia pande zote mbili na njia katikati. Ebei aliingia, akainua macho, na hata katika shida yake hakuweza kujizuia kuifurahia kazi yake. Kamera nne, moja kila pembe, waya zimefichwa ndani ya bomba jeupe lililonyooka kama limepigwa rula. Siku ya kuzifunga alimwonyesha Nyaruach picha kwenye simu, akamwambia, "Mama, hapa hata panya akitaka kujikuna atakosa pa kujificha. Hakuna kona iliyobaki." Nyaruach alicheka mpaka akashika magoti, yale magoti mabovu yaliyomfanya ashinde nyumbani akilitazama duka lake kwenye simu kutwa nzima. Muuza duka wa wakati huo alikuwa kijana mwingine. Alifutwa wiki hiyo hiyo, baada ya kamera kumwonyesha akitia soda ndani ya fulana.

Aliyechukua nafasi yake ni Jal, mume wa Nyaduoth, binti wa Nyaruach. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa kuaminika, na tangu aingie mahesabu ya duka yalikuwa hayajapinda hata kidogo. Alipomwona Ebei mlangoni, uso wake ulifanya kitu ambacho Ebei hakukielewa. Ulifanana na uso wa mtu aliyeambiwa chakula kimekwisha.

Simu ya Ebei ililia kabla hajakaa vizuri.

"Fundi, ejok," Nyaruach alimsalimu kwa Kiturkana. "Nakuona. Toka juu ya sukari yangu."

Ebei akainuka kwenye gunia haraka. "Ejok-noi, mama. Nimekuja niangalie hiyo saa saba na macho yangu."

"Angalia. Na mimi naangalia wewe."

Wateja wawili waliokuwa wananunua mafuta walicheka. Mmoja akamuuliza Ebei kama ni kweli ndiye yule wa kamera zinazosinzia, na kama ana cheti. Ebei alisema anacho, kiko Lodwar. Mteja akaitikia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa baba wa mtoto yuko safarini.

Ilipokaribia saa saba Nyaduoth alileta chakula kutoka nyumbani, sahani mbili zilizofunikwa, asida, ule ugali wa kwao, na mboga ya bamia, kwa kuwa mama yake alikuwa ameona kwenye simu kwamba kuna mgeni. Aliweka sahani, akasalimu, akaondoka. Ebei alikuwa ametoka nyumbani na chai tu. Alinawa, akala. Jal alinawa pia, akakaa mbele ya sahani yake, akaitazama.

"Kula, ndugu yangu. Inapoa."

"Nitakula."

Hakula. Alipanga pakiti za majani chai ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Alifuta kaunta. Alichukua sahani, akaenda nayo nyuma kwenye magunia ya unga, akainua macho kwenye pembe, akageuka. Alichuchumaa chini ya kaunta, akachungulia juu, akakutana na kamera ya pembe ya pili. Akarudi, akaiweka sahani pale pale, akaifunika. Mkono wa Ebei ulisimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Alikuwa anamtazama mtu anayetafuta tangi la maji na hapati.

"Jal," alisema polepole, ingawa kamera zile hazikuwa na masikio. "Nyaruach ni mama mkwe wako."

"Ni mama wa Nyaduoth."

"Na anaangalia simu."

"Anaangalia." Jal alitazama mlango. "Siku ya kwanza nilikula. Tonge moja. Nikaangalia juu, nikaona hiyo taa nyekundu inaniangalia. Fundi, ile tonge mpaka leo haijashuka."

"Kwa hivyo unazima."

"Natoa plagi kwa betri. Nikimaliza, narudisha. Ni dakika kidogo tu."

"Na siku zile nilikuwa hapa?"

"Nilishinda njaa."

"Ukiniangalia napanda ngazi, nashuka ngazi."

"Malesh, fundi," Jal alisema, na kweli alionekana mtu wa kujuta.

Ebei alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Aliikumbuka adapta, akaukumbuka waya, akaikumbuka ile hotuba yake juu ya joto na mtengenezaji, akatamani kumpiga mtu na feni. Mbuzi wa Nawoi walikuwa wamekwenda, jina lake lilikuwa linazikwa Jumamosi, na yote hayo kwa ajili ya sahani ya asida.

"Si uende ule nje kama watu wengine!"

"Nani atabaki? Saa saba ndio watu ya Kalobeyei wanakuja na pikipiki kununua. Nikifunga kidogo tu, simu inalia."

"Basi bibi yako amwambie."

"Amwambie nini? Mama, usiangalie? Atauliza sababu. Na akiambiwa sababu, atajua ameshaniona." Jal alijifuta jasho. "Ng'ombe za mahari bado zimebaki. Zingekuwa zimeisha, wazee wangefanya ile sherehe ya mkwe kula mbele ya mama, hii aibu itolewe. Sasa bado. Na tena aliniuliza kama nagusa mashine, nikasema sigusi. Leo nikisema ni mimi, atasema nilikuwa nazima nikiiba."

Alichokiona Ebei wazi, na kilichomuuma zaidi, ni kwamba kosa lilikuwa la ustadi wake. Fundi mlevi angeacha kona moja kipofu, Jal angekula, na safu nzima ingekuwa yake. Yeye hakuacha. Mtu ambaye wiki hiyo alikuwa anakula amejibanza nyuma ya tangi, mama mkwe wake akiwa hata haoni, hakukumbuka kurudi kuangalia upya siku mkwe alipoingizwa chini ya kamera nne.

Alichukua ngazi, akapanda, akaigeuza kidogo kamera ya pembe ya magunia ya unga, kidogo sana. Simu ikalia akiwa bado juu.

"Kwa nini unageuza?"

"Narekebisha, mama."

"Rudisha. Mimi nililipa kona zote."

Alirudisha. Siku hiyo saa saba ilipita kamera zikiwa macho, na jioni, akiwa garini kurudi Lodwar, aliletewa ujumbe wa simu: "Umeona? Ukiwa hapo ina adabu."

*

Ijumaa mama yake Nawoi alitolewa bandeji, na jicho likaona. Alirudi nyumbani amefurahi kupita kiasi. Alimwambia Nawoi amenenepa, akamwambia Esekon ana masikio ya babu yake, akauliza kama maboksi yale yote ni mahindi. Tangi la maji halikufaa tena, maana alipenda kukaa mlangoni na kuutazama ulimwengu. Ebei alihamia kwenye ukuta wa jirani, na jioni Nawoi alimfuata huko na sahani.

"Sasa unajua sababu," alisema. "Kesho simama useme. Kijana anatoa plagi akila. Basi."

"Niseme mbele ya soko lote kwamba mama amemtazama mkwe wake akitafuna? Kwa simu?"

"Wewe si mtu wao."

"Kwani ni Wanuer peke yao?"

"Mbuzi walikuwa wangu," Nawoi alisema. Hakupandisha sauti. "Sikukataa. Nilisema chukua. Sasa unataka nilishe mtoto hizo kamera?"

Ebei aliinamia sahani. Aliona aibu kwamba hata hivyo alikuwa na njaa. Akakata tonge.

"Nawoi!" mama yake alipaza sauti kutoka mlangoni. "Huyo mtu anayejikunyata pale ukutani ni mwizi?"

Ebei alijitupa chini, mboga ikamwagikia shati. Nawoi aliziba mdomo akicheka, mabega yakitikisika. Kisha kicheko kikamwisha. Alimtazama mumewe, mtu mzima mwenye mtoto, amelala kifudifudi mchangani akiwa ameinua sahani isimwagike yote.

"Ni fundi wa maji, mama!" alijibu. Akavua shuka begani, akaikunjua, akasimama na kuinyoosha kwa mikono miwili kati ya ukuta na mlango. "Haya, kula. Upesi, mikono itachoka."

Alisimama hivyo mpaka Ebei akamaliza, na habari ya kusema mkutanoni haikurudi tena usiku huo.

*

Mkutano ulifanyika katika kanisa la mabati, kwa kuwa ndilo lenye viti. Mamer, mwenyekiti, aliyeuza simu na vipuri vyake, alipenda kuendesha mambo kwa Kiingereza akiwa mbele ya watu. "Agenda namba mbili ni security," alisema, akarekebisha tai. Mbele kabisa alikaa Jerotich, mwakilishi wa kampuni moja ya kamera ya Eldoret, mwenye shati jeupe lenye nembo na kompyuta ndogo inayoonyesha picha. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Ebei na begi lake la vifaa.

"Pole, fundi," Jerotich alimnong'oneza kwa upole. "Hizi kazi zinataka training."

Nyaruach alisimama akiegemea fimbo, simu mkononi.

"Watu wa safu, mimi nilifunga kamera ya huyu. Kila saa saba inalala. Amekuja, amekuja, amekuja. Ameweka mpaka feni. Kamera imelala, feni imelala." Kanisa likacheka. "Mimi sina maneno mengi. Mniambie nyinyi."

"Fundi, una haki ya kujibu," Mamer alisema.

Ebei alisimama. Alikuwa na jibu la betri, alilolitunga garini, jibu zuri lenye maneno ya kitaalamu. Kwenye dirisha la nyuma aliona paji la uso la Jal, aliyefika na wauza duka wengine lakini asingeweza kuingia na kukaa mahali alipo mama wa mkewe. Ebei alijua kwamba akitoa jibu la betri hakuna atakayeamini, na kamera zitaendelea kulala, na siku moja Nyaruach atapanda pikipiki na magoti yake mabovu, aje amfumanie kijana na plagi mkononi. Akitoa jibu la kweli, safu ni yake. Mbuzi walikuwa wa Nawoi.

"Kamera hazina ubaya," alisema. "Mimi ndiye nilizifunga vibaya."

"Vibaya kivipi?" Jerotich aliuliza, kwa hamu ya mtu wa kazi.

Ebei alimgeukia Nyaruach, akaelekeza macho miguuni pake.

"Mama, ile ya nyuma, kwenye magunia ya unga. Haikufaa kukaa pale. Siku ile naiweka, muuza duka alikuwa yule kijana mwingine, akaondoka. Akaja huyu. Mtu akibadilika, fundi mwenye akili anarudi anaangalia tena. Mimi sikurudi." Alisita. "Nyumbani kwangu wiki hii tuna mgeni, mama wa mke wangu. Na mimi, mwenye nyumba, kuna mahali natafuta kila saa saba, nikae kidogo bila kuonwa na mtu. Mahali kama pale kwa magunia. Nilijua hivyo na bado nikaweka kamera."

Mama mmoja muuza vitenge alianza kutafuta kitu ndani ya pochi. Mamer alivutiwa ghafla na kalamu yake. Watu wazima walitazama viatu vyao, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hakuna aliyekuwa hajaelewa, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana ameelewa. Jerotich peke yake aliendelea kungoja maelezo. Paji la uso la Jal lilikuwa limetoweka dirishani.

Nyaruach aliishika simu yake. Ilikuwa inawaka, inaonyesha duka lake tupu katika vipande vinne. Aliitazama muda mrefu kidogo, kisha akaigeuza, akaibana kifuani kioo kikiwa ndani.

"Kwa hivyo ulifunga vibaya."

"Vibaya, mama."

"Mmesikia," Nyaruach aliliambia kanisa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Amekubali. Kazi yake ni mbovu. Mbovu kabisa! Hakuna haja ya mtu kuuliza zaidi."

"Hakuna haja," Mamer alidakia. "Kazi mbovu. Tuendelee."

"Mbovu sana," akaongeza mama wa vitenge, macho bado yako kwenye pochi.

Na kwa kuwa kazi ilikuwa imetangazwa mbovu mbele ya watu wote, tena ndani ya kanisa, ilibidi safu apewe mwingine. Mikono iliinuliwa kwa Jerotich. Wengi walioiinua hawakuweza kumtazama Ebei, na mmoja aliinua mkono huku akimpigapiga Ebei begani kwa ule wa pili.

Nje, Nyaruach alimpita bila kusimama.

"Jumatatu, fundi. Hiyo moja tu. Geuza iangalie mlango." Alipiga hatua kadhaa na fimbo yake, kisha akasema akiwa amempa mgongo, "Wewe ulilelewa."

Maneno hayo yalimtia Ebei joto moyoni hadi kituo cha magari ya Lodwar. Hapo dereva alimdai nauli, naye akayakumbuka maboksi.

*

Nawoi alisikiliza habari yote, akauliza swali moja, kama walimpa hata soda. Hawakumpa. Tangu hapo alizungumza naye kwa mambo ya lazima tu, unga umekwisha, Esekon anaumwa tumbo. Kule sokoni alikouza mitumba, watu walimpa pole ya jina la mumewe, na yeye akaipokea kama mtu anayepokea chenji pungufu. Mama yake alirudi Kalokol na jicho lake jipya. Ebei alirudi kula ndani, kwenye nafasi iliyobaki kati ya maboksi, na chakula hakikuwa na ladha yoyote.

Watu wa Jerotich walifunga safu nzima wakiwa na kofia ngumu na ngazi za kung'aa. Walifunga vizuri mno. Haukupita muda, kamera za duka la tatu zikaanza kuzimika saa saba, halafu za duka la sita. Jerotich aliitwa kutoka Eldoret, akabadilisha adapta. Alipoitwa tena alifunga feni.

Aliyempigia Ebei kwanza alikuwa Mamer mwenyewe, kwa sauti ya chini na bila Kiingereza.

"Fundi, unajua kwangu anayeuza ni mume wa binti yetu. Na mama watoto anapenda hiyo simu sana." Akakohoa. "Nasikia kwa Nyaruach uligeuza moja."

"Niligeuza."

"Kuja basi. Usimwambie mtu."

Ebei alikwenda, akaigeuza kamera ya mtu mwingine ili isiangalie, akapewa malipo madogo na chai, akarudi. Wiki iliyofuata aliitwa na mama wa vitenge, naye pia akasema asimwambie mtu. Kamera za Ebei mwenyewe zilikuwa bado ndani ya maboksi, hazijawahi kutazama chochote.

Siku moja saa saba mchana simu ililia akiwa amekula nusu sahani, mikono ina mboga hadi kwenye vifundo. Nawoi, aliyekuwa anakunja nguo za kuuza, aliitazama ikilia juu ya boksi. Mwishowe akaichukua yeye.

"Hapo ni kwa yule fundi mbovu?" ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za pikipiki. "Wa Nyaruach? Mimi niko Kalobeyei. Nataka kufunga kamera, duka ni mpya, sijafunga na mtu bado. Hao wazuri sitaki. Nataka yeye."

Nawoi alitazama maboksi. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Ndiyo hapa," alisema. "Ni mbovu kabisa. Unataka aje lini?"